Riwaya tano za mahaba kati ya wanaume: ipi ikufae?

Anayesoma riwaya za mahaba anajua mwisho kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Wawili watapendana, watakorofishana, watarudiana, na hadithi itakwisha wakiwa pamoja. Hilo ni sharti la aina hii ya uandishi, na mwandishi akilivunja, wasomaji wake hawamsamehi. Kwa hiyo usichague riwaya kwa kuuliza wataishia wapi. Uliza wanazuiwa na nini, na hicho kinachowazuia kina nguvu kiasi gani.

Mwandishi anayesimulia penzi la mwanamume na mwanamke hana budi kukitafuta kizuizi: mahari, ukoo, kisasi cha zamani, uongo wa rafiki. Anayeandika kuhusu wanaume wawili hukuta kizuizi kimeshasimama kabla hajashika kalamu. Kuna sheria, kuna wazazi, kuna kazi, kuna dini, kuna magazeti ya udaku. Urahisi huo una hatari yake. Mwandishi mmoja atakiondoa kizuizi kwa hotuba moja tamu ya mzazi mwelewa, na mwingine atawaacha wahusika walipie penzi lao bei kamili. Mimi nawapenda wa aina ya pili, na nasema mapema ili ujue ninapopima naegemea wapi.

Nimechukua riwaya tano za Kiingereza zilizosomwa sana miaka ya karibuni: Red, White & Royal Blue ya Casey McQuiston (2019), Heated Rivalry ya Rachel Reid (2019), Boyfriend Material ya Alexis Hall (2020), The House in the Cerulean Sea ya TJ Klune (2020) na You Should Be So Lucky ya Cat Sebastian (2024). Sitaziweka kwenye mizani kwa dakika sawasawa. Mbili kati yake zina mengi ya kujadiliwa, nyingine zinajieleza haraka.

Ikulu na uwanja wa barafu

Hizi mbili za kwanza zinafaa kusomwa zikiwa zimelazwa ubavu kwa ubavu, maana kwa nje zinafanana mno. Zote zilitoka 2019. Zote zinawahusu vijana wawili maarufu wanaochukiana mbele za watu na kupendana kwa siri. Zote zimeingia kwenye skrini. Lakini ukizisoma mfululizo utaona zinakwenda njia mbili tofauti kabisa.

Katika Red, White & Royal Blue, Alex Claremont-Diaz ni mtoto wa rais mwanamke wa Marekani, na Henry ni mjukuu wa malkia wa Uingereza. Kwenye harusi ya kifalme wanagombana na kuangukia keki ya dola 75,000. Picha zinasambaa, na wakubwa wa pande zote mbili wanawaamuru waigize urafiki mbele ya kamera. Urafiki wa kuigiza unageuka wa kweli, wa kweli unageuka penzi, na penzi linaishi ndani ya barua pepe wanazoandikiana usiku kutoka mabara mawili.

Barua pepe hizo ndizo sababu ya kukisoma kitabu hiki. Wawili hao wanaanza kwa kutaniana, kisha kila mmoja anaanza kufunga barua yake kwa kunukuu mistari kutoka barua za mapenzi za watu wa kale, wengi wao wakiwa watu waliopenda wa jinsia yao na kulazimika kuficha. Polepole unaona vijana hawa wakijitafutia ukoo. Wanagundua kwamba hawakuanza wao. McQuiston analifanya hilo bila kuhubiri, na katika riwaya nzima hakuna pengine anapoandika vizuri kuliko hapo.

Kizuizi chenyewe ndicho kilichoniacha na njaa. Mama yake Alex, akishajua, anamwandalia mwanawe wasilisho la kompyuta lenye vichwa vya habari vya kuchekesha. Ni tukio tamu, lakini baada ya hapo unajua hakuna atakayeumia sana. Siri inapovuja, kurasa chache zinatetemeka kweli, kisha dunia nzima inajipanga upande wa wapenzi. Mwandishi mwenyewe ameeleza kwamba alianza kuandika kabla ya uchaguzi wa Marekani wa 2016, na matokeo yalipokuja kinyume alikaribia kuiacha kazi, kisha akaimalizia kama faraja, kwa kuijenga nchi anayoitamani. Ukijua hilo unasoma kwa moyo mwepesi zaidi. Lakini faraja yake ni ya Marekani. Riwaya ilitoka Mei 2019, na mwezi huohuo, tarehe 24, Mahakama Kuu jijini Nairobi ilikataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu vinavyoharamisha ngono kati ya wanaume, vifungu ambavyo mizizi yake ni sheria za mkoloni Mwingereza. Msomaji wa huku anapomwona mwana wa taji lilelile akishangiliwa na umati nje ya kasri, anasoma kitu ambacho mwandishi hakukikusudia. Riwaya haina jibu kwa msomaji huyo, wala haikumfikiria.

Njoo sasa kwenye Heated Rivalry. Shane Hollander ni Mkanada, mpole, mwenye nidhamu, mama yake ana asili ya Japani, anachezea Montreal. Ilya Rozanov ni Mrusi mwenye ulimi mkali, anachezea Boston. Wanakutana 2008 wakiwa chipukizi, na ligi nzima inauza tiketi kwa uhasama wao. Ukweli ni kwamba kila timu zao zinapokutana, usiku wanaishia chumba kimoja cha hoteli. Hadithi inachukua karibu miaka kumi.

Kama hujawahi kutazama hoki ya barafuni, usiogope. Fikiria soka la Uingereza, ambalo wengi wetu tunalijua kuliko mitaa yetu. Justin Fashanu alijitangaza 1990 kuwa anawapenda wanaume, na ikapita zaidi ya miaka thelathini kabla ya mchezaji mwingine mwanamume wa kulipwa huko, akiwa bado anacheza, kufanya hivyo: Jake Daniels wa Blackpool, Mei 2022. Kwenye hoki hali ni ileile. Luke Prokop, kijana aliyekuwa na mkataba na Nashville Predators ya NHL, ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini, alijitangaza Julai 2021 akawa wa kwanza mwenye mkataba wa ligi hiyo kubwa. Reid alipoandika, hata huyo hakuwapo. Basi kizuizi cha Shane na Ilya ni ukuta wa kweli, na juu ya ukuta huo mwandishi anaongeza wa pili: Ilya anatoka Urusi, baba na kaka yake wako huko, na akijulikana hana tena kwao pa kurudi.

Kuna tukio moja ningependa ulitazame kwa karibu, maana linaonyesha ustadi wa Reid. Miaka inapita wawili hawa wakiitana kwa majina ya ukoo tu, kama yanavyoandikwa mgongoni mwa jezi. Hollander. Rozanov. Siku moja huko Boston, Ilya anamkaribisha Shane nyumbani kwake badala ya hoteli, na kwa mara ya kwanza hana haraka. Anamtengenezea mkate wa samaki na jibini. Wanakula, wanakaa kwenye kochi, mchana unakwenda. Kisha, katikati ya ukaribu wao, yanawatoka majina yao ya kwanza. Shane anaingiwa na hofu, anatafuta kisingizio, anaondoka mbio. Hakuna ugomvi, hakuna aliyewafumania, hakuna neno "nakupenda." Kilichomtisha ni chakula na jina. Miaka yote ile mwili ulikuwa rahisi; ukarimu ndio uliomfichulia kwamba hali imeshakuwa nzito. Kwetu sisi ambao mgeni haondoki bila kula, tukio hilo linaeleweka bila maelezo.

Wahenga walisema mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Reid anaandika kitabu kizima juu ya watu wawili wanaokohoa ndani ya mto kwa miaka kumi, na ndiyo maana mwisho wake unagusa.

Kasoro ipo, na nitaisema. Nusu ya kwanza ya kitabu ni chumba cha hoteli baada ya chumba cha hoteli, na mwandishi haoni haya hata kidogo. Kila kitu kinaelezwa. Asiyependa kusoma mambo ya faragha kwa undani ataona kurasa hizo ni nyingi na huenda akakiacha kitabu kabla hakijafika kwenye moyo wake. Mimi naziona zina kazi, kwa sababu mabadiliko ya hisia yanaonekana ndani ya vyumba hivyo hivyo: nani amebaki hadi asubuhi, nani ameuliza habari za mama wa mwenzake. Hata hivyo sitamlaumu anayesema zingepunguzwa.

Kuhusu skrini: filamu ya Red, White & Royal Blue, iliyoongozwa na Matthew López, ilitoka 2023, na inapendeza bila kuongeza kitu. Tamthilia ya Heated Rivalry ya Jacob Tierney, iliyoanza kuonyeshwa Kanada mwisho wa Novemba 2025, ni habari nyingine. Msimu wake wa kwanza una sehemu sita tu. Katika sehemu ya tano Ilya yuko Moscow baada ya kumzika baba yake, Kiingereza kinamkwama, na Shane anamwambia kwenye simu aseme kwa Kirusi. Anasema yote yaliyo moyoni mwake kwa mtu asiyeelewa neno. Walioitazama kwanza kisha wakakitafuta kitabu, wasishangae kukuta kitabu kina maneno machache na ni kikavu kuliko tamthilia. Uzuri wake ni huohuo ukavu.

Nikilazimishwa kuchagua kati ya hizi mbili, nachukua Heated Rivalry. Ila kwa mtu anayeanza kabisa kusoma mahaba ya aina hii, au kijana aliyechoka na habari mbaya na anataka wiki moja ya kupumua, McQuiston atamfaa zaidi, na wala sisemi hivyo kwa kumdharau.

Penzi la kuigiza, London

Boyfriend Material inaanza pale ambapo McQuiston alianzia, kwenye uigizaji. Luc O'Donnell ni mtoto wa mwanamuziki wa zamani wa roki aliyemtelekeza akiwa mdogo. Magazeti ya udaku yanamfuata, na kila picha mbaya inamgharimu kazini, kwenye shirika dogo la kuchangisha fedha za kuwalinda mende wa mavi. Anahitaji mpenzi wa heshima wa kuonyesha mbele za wafadhili. Rafiki anampatia Oliver Blackwood, wakili wa mahakamani, asiyekula nyama, mwenye shati lililonyooka na maneno yaliyopimwa. Wanakubaliana kuigiza.

Tofauti na riwaya mbili zilizotangulia, hapa hakuna siri ya kuficha. Ni London ya leo, wote wawili wako wazi, marafiki wanajua, mama yake Luc anajua na amefurahi. Kizuizi kimehamia ndani. Luc alisalitiwa na mpenzi aliyeuza habari zake gazetini, na tangu hapo haamini kwamba mtu anaweza kumtaka yeye kama yeye. Oliver anaonekana hana doa, na ndiyo shida yake: amelelewa na wazazi ambao hakuna alichofanya kiliwatosha.

Hall anaufunua ukweli huo wa Oliver taratibu sana. Kwa kuwa hadithi inasimuliwa na Luc peke yake, na Luc amejishughulisha na majeraha yake, dalili zinapita mbele ya macho yetu naye hazioni: anavyokula, anavyofanya mazoezi, anavyoomba radhi. Kisha inakuja sherehe ya wazazi wa Oliver bustanini, na Luc anawasikia wakimsema mtoto wao kwa kejeli laini mbele ya wageni. Luc, mtu ambaye kitabu kizima amekuwa akiikimbia aibu, anasimama na kumtetea hadharani. Penzi lao linapata uthibitisho kwenye mdomo wa aliyekuwa mwoga, na hapo hata msomaji aliyekuwa akicheka tu anaacha kucheka.

Nani asikichague? Asiyependa vichekesho vya maneno. Kuna mfanyakazi mwenzake Luc, kijana wa ukoo mkubwa aitwaye Alex, ambaye Luc anamsimulia kichekesho kila asubuhi naye hakielewi kamwe. Kama Kiingereza chako ni cha shule na cha ofisini, mizaha mingi ya hapo itakupita, kwa sababu imejengwa juu ya neno moja lenye maana mbili. Kurasa hizo zinarudiwa mno hata kwa anayezielewa. Kwa upande wa faragha, Hall anafunga mlango mapema, hivyo kinafaa kwa anayeona Reid amezidisha.

Muendelezo wake, Husband Material (2022), ulizusha mabishano kwa sababu ya mwisho wake. Mimi niko upande wa waliouona mwisho huo kuwa wa haki kwa wahusika wawili hawa, lakini usikianze kabla ya hiki.

Kisiwa cha watoto sita

Kuhusu The House in the Cerulean Sea sitasema mengi. Linus Baker ana miaka 40, ni mkaguzi wa serikali anayeishi na paka, na anatumwa mwezi mmoja kisiwani kukagua nyumba ya watoto yatima wenye uwezo wa ajabu. Mkuu wa nyumba hiyo ni Arthur Parnassus. Watoto wako sita, na mmoja wao anasemekana ni mwana wa shetani mwenyewe, mwenye miaka sita na anayependa muziki wa zamani.

Penzi hapa ni la pembeni. Hakuna kitanda, hakuna ugomvi mkubwa kati ya wapenzi. Kuna watu wazima wawili wenye haya wanaotazamana juu ya vichwa vya watoto. Kiingereza chake ni chepesi kuliko vyote vitano, na ni riwaya unayoweza kumpa mtu ambaye hajawahi kusoma kitu cha namna hii na hujui atakipokeaje. Kizuizi ni idara ya serikali na woga wa Linus mwenyewe, na kwangu kinaondoka kirahisi mno: hotuba mbili tatu za wema na wakubwa wanalegea.

Kuna jambo lingine unalostahili kulijua kabla ya kukinunua. Klune alieleza kwamba wazo lilimjia aliposoma habari za Kanada, ambako kwa miongo kadhaa kuanzia katikati ya karne ya 20 watoto wa wenyeji wa asili walichukuliwa na mamlaka kutoka kwa wazazi wao na kupewa familia za wazungu. Wasomaji wengi walikasirika kwamba msiba huo umegeuzwa hadithi ya kuliwaza, na zaidi kwamba kiini chake ni mkaguzi mwema. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ukikisoma bila kujua, kinakukumbatia. Ukishajua, kuna sehemu kukumbatia kwenyewe kunakera.

Gazeti, besiboli na msiba usio na matanga

Sasa nafika ninapotaka kukaa. You Should Be So Lucky inatupeleka New York, mwaka 1960. Eddie O'Leary ni mchezaji kijana wa besiboli aliyeuzwa ghafla kwenye timu mpya na dhaifu, Robins, timu ya kubuni. Kwa hasira alisema hadharani maneno mabaya juu ya timu hiyo, sasa wenzake hawamsemeshi, na mkono wake umekauka: mpira unakuja, anazungusha gongo, anakosa, siku baada ya siku. Mark Bailey ni mwandishi wa habari za vitabu na sanaa ambaye hajali besiboli. Gazeti linampa kazi ya kumfuata Eddie na kuandika shajara ya kila wiki kwa jina la mchezaji huyo. Kwa kuwa Mark mwenyewe hajui mchezo, msomaji asiyejua besiboli anajifunza naye, na hata usipojifunza hupotezi kitu.

Mark ni mfiwa. William, mtu aliyeishi naye miaka mingi, amekufa zaidi ya mwaka mmoja uliopita. William alikuwa na ndoto za siasa, hivyo mapenzi yao yalifichwa vizuri sana, na kwa sababu yalifichwa vizuri, alipokufa hakuna aliyemhesabu Mark kuwa amefiwa. Hakuna matanga. Hakuna anayekuja kukaa naye kimya sebuleni, hakuna anayeleta chakula, hakuna anayempunguzia kazi. Amebaki na nyumba, mbwa wao Lula, na msiba asioweza kuutaja jina mbele za watu. Kwetu, ambako hata jirani uliyegombana naye atakuja kukupa pole, na ambako mjane ana eda yake na kila mtu anaiheshimu, ukatili huo unasomeka kwa uchungu wa pekee. Sebastian haupigii kelele. Anauonyesha katika namna Mark anavyojibu kwa ukali watu wanaomtendea wema, kwa kuwa wema ukimfikia atavunjika.

Kizuizi kinatoka moja kwa moja kwenye kifo hicho. Mark ameapa hatakuwa tena siri ya mtu yeyote. Eddie, kama mchezaji wa ligi kuu mwaka 1960, hana namna nyingine ya kumpenda isipokuwa kwa siri. Hakuna mwovu hapo, hakuna mzazi wa kulaumiwa, hakuna kutoelewana kwa kipuuzi kunakoweza kumalizwa kwa mazungumzo ya dakika tano. Kila mmoja ana haki kamili, na haki hizo mbili haziwezi kukaa chumba kimoja. Katika vitabu vyote vitano sijaona kizuizi kilichoundwa kwa uaminifu kama hiki.

Mwandishi pia haidanganyi historia ili apate mwisho mzuri. Mwaka 1960 tukio la Stonewall, wapenzi wa jinsia moja walipowakabili polisi wa New York, lilikuwa bado liko miaka tisa mbele, na sheria ya New York iliyowatia hatiani wanaume waliopendana ilikuja kuanguka mahakamani 1980. Hakuna umati utakaowashangilia Eddie na Mark. Furaha yao inabidi ijengwe na vitu vidogo vinavyopatikana: marafiki wanaojua na kunyamaza, mlango unaofungwa, neno ndani ya makala ambalo mtu mmoja tu ataelewa limeandikwa kwa ajili yake. Anayesoma Kampala, ambako sheria ya 2023 imefika hadi adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, au popote ambapo watu wamezoea kupima kila neno kabla ya kulisema, ataijua furaha ya namna hiyo. Sebastian anaichukulia kuwa furaha kamili, sio nusu yake. Hapo ndipo ninapompenda.

Na kuna kushindwa. Riwaya nyingi za michezo zinataka shujaa apige mpira wa ushindi dakika ya mwisho. Hii inakaa na kijana asiyeweza kufanya kitu pekee alichokuwa akikiweza, inamtazama akiamka kila asubuhi kwenda kushindwa tena mbele ya maelfu, na kuuliza mtu anaishije katika hali hiyo. Jibu la kijana huyo linafanana na jibu analolitafuta mfiwa, na mwandishi anawaacha wawili hao wafundishane bila kutuambia kwamba wanafundishana.

Ni ya polepole. Aliyetoka kwa McQuiston moja kwa moja atahisi hakuna kinachotokea kwa kurasa hamsini za mwanzo. Mambo ya faragha yamo, kwa kiasi, na yanakuja kwa kuchelewa. Kiingereza chake ni safi, hakina mizaha ya maneno kama ya Hall, ila kina istilahi za besiboli unazoweza kuziruka bila hasara.

Na ukitaka hadithi ya Afrika?

Wengi huuliza, na kuna kitabu kimoja cha karibuni ambacho kinatajwa sana: Blessings ya Mnigeria Chukwuebuka Ibeh (2024). Obiefuna ni kijana wa Port Harcourt ambaye baba yake anamwona akiwa karibu mno na Aboy, mwanafunzi wa kazi aliyeletwa nyumbani, na anamwondosha kwenda shule ya bweni ya seminari. Sura nyingine zinasimuliwa kwa jicho la mama yake, na hizo ndizo bora zaidi. Muda wa hadithi unafika hadi sheria ya Nigeria ya Januari 2014 iliyopiga marufuku ndoa za jinsia moja.

Nakisifu, lakini sikukiweka kwenye ulinganisho huu kwa sababu hakikupi lile sharti nililolitaja mwanzo. Si riwaya ya mahaba, ni riwaya ya kukua, na atakayeifungua akitarajia wapenzi wawili wakiishia mikononi mwa wenzao atakuwa amejitafutia maumivu. Isome ukiwa tayari kwa hilo. Kinachonisikitisha ni kwamba rafu ya pili, ile ya mahaba ya Kiafrika yenye mwisho wa furaha kati ya wanaume, ni nyembamba mno, na kwa Kiswahili sina cha kukutajia.

Basi uanze wapi?

Kama una kitabu kimoja tu cha kununua na umezoea kusoma, chukua You Should Be So Lucky. Sebastian ana kingine cha kabla yake, We Could Be So Good (2023), kinachohusu mwandishi na mtoto wa mwenye gazeti hilohilo, na wawili hao wanaonekana tena kwenye kitabu cha Eddie na Mark. Si lazima ukianze hicho. Ni chepesi na chenye joto zaidi, na baadhi ya wasomaji wanakipenda kuliko cha pili. Mimi nakiona kitamu bila uzito uleule.

Kama Kiingereza cha kusoma kinakuchosha, anza na Klune au Reid, maana sentensi zao ni fupi na hazifichi kitu. McQuiston anaandika kwa kasi na kwa lugha ya vijana wa Marekani, huku akidhani unajua jinsi kura za majimbo zinavyohesabiwa, hasa Texas. Hall umuache hadi utakapokuwa umeizoea lugha.

Kama unasoma kwenye simu iliyo mikononi mwa watu wengi nyumbani, tazama jalada kabla ya kupakua. Jalada la Klune ni nyumba na bahari na halisemi kitu, ilhali majalada ya mengine yanakuonyesha wanaume wawili waziwazi.

Na kama umekwisha kuitazama tamthilia ya Shane na Ilya na unataka kujua yaliyofuata, muendelezo wao katika vitabu unaitwa The Long Game (2022). Humo Ilya ana huzuni nzito ambayo Shane anachelewa kuiona, na kuficha kwao, ambako katika kitabu cha kwanza kulikuwa na msisimko, kunaanza kumla mmoja wao polepole. Soma Heated Rivalry kwanza, upumzike, kisha ukifungue.